Mstari mmoja ndani ya /etc/fstab

Haya jamani, leo ni habari za diski na seva. Wanaosubiri simu mpya wanivumilie kidogo.

Watu wengi hudhani klasta ni kununua seva mbili, kuzipa diski moja ya pamoja, basi: moja ikizimika nyingine inashika usukani. Lakini je, nani mwenye amri ya kumaunti ile diski, yaani kuipachika kwenye saraka ili faili zake zisomeke?

Majuzi niliitwa kukagua seva mbili za chama kimoja cha ushirika. Akiba yote ya wanachama iko humo. Pacemaker ilikuwa sawa, ila /etc/fstab ya kila seva ilikuwa na mstari wa diski ya pamoja: ext4, defaults. Fundi wao akaniambia, "Lakini bosi, miezi minane hatujaona shida." Ni kweli, kwa kuwa tangu auandike hakuna seva iliyowashwa upya!

Sasa fikiria stima ipotee na betri ziishe. Ikirudi, seva zote mbili zinawaka, kila moja inasoma fstab yake na kumaunti diski ileile kabla Pacemaker haijaamka. ext4, kama XFS, imeundwa itumiwe na mashine moja kwa wakati mmoja. Kila seva huamini iko peke yake, ikaandika juu ya kazi ya mwenzake. Huenda usione onyo lolote mpaka rekodi zimeharibika. Wala kumaunti kwa kusoma tu si kinga: ext4 ikikuta jonali ina kazi haijakamilika huikamilisha, yaani inaandika, isipokuwa umeweka noload. (Ukitaka seva zote zitumie diski pamoja, kuna GFS2 na OCFS2.)

Tukafuta mstari ule pande zote. Asiyetaka kufuta aweke noauto. Kumaunti tukaiachia ocf:heartbeat:Filesystem ndani ya Pacemaker, kwa UUID, maana jina kama /dev/sdb hubadilika. Diski kwanza, kisha anwani ya IP, mwisho hifadhidata. Kuzima ni kinyume. Tukawasha pia mmp ya ext4, ambayo huacha alama kwenye diski ili seva ya pili ikatazwe.

Tulipobishana ni kwenye stonith-enabled=false, mstari unaonakiliwa kutoka mafunzo mengi ya mtandaoni. STONITH huiruhusu seva kumkatia mwenzake umeme, na fundi aliona huo ni ukatili. Mimi naona ukatili ni kuizima STONITH. Mawasiliano yakikatika, kila seva itadhani mwenzake amekufa na kuikimbilia diski.

Jumamosi tukachomoa waya wa mtandao kati ya seva. Iliyowahi ikamkatia mwenzake umeme, ndipo ikamaunti. Fundi akataka turudie. Tulirudia mara tatu.