Kufuli Kubwa Halikutusaidia

Mwaka 2018 tulisafiri watatu kutoka Dar es Salaam kwenda Marekani, ambako binti wa mwenzetu mmoja alikuwa amejifungua. Mama huyo alifunga sanduku lake kwa kufuli kubwa, lile la mlango wa duka. Ndani aliweka kanga, unga wa ulezi na dawa zake zote za kisukari. Tulimcheka kwa kufuli, tukasahau kumwuliza habari za dawa, hali mmoja wetu ni muuguzi, ndiye anayeandika haya.

Katika uwanja wa kwanza wa Marekani tulichukua mizigo, tukapita forodha, tukaikabidhi tena kwa ndege ya ndani. Usiku tulifika, sanduku halikufika. Mwenzetu hakuwa na insulini. Ilibidi tumkimbize hospitali, na gharama yake ilimtoa binti machozi.

Kesho yake sanduku lililetwa. Kufuli lilikuwa limekatwa, na juu ya kanga palikuwa na karatasi ya wakaguzi. Hawakukosea. Baada ya mashambulio ya Septemba 2001, Marekani iliamua kukagua mizigo yote ya chini ya ndege. Unaotiliwa shaka hufunguliwa, na kufuli lisilofunguka hukatwa bila fidia.

Basi, mnaponunua kufuli la safari ya huko, tafuteni lenye alama ndogo nyekundu ya umbo la almasi. Yalianza kuuzwa mwaka 2003, na wakaguzi wana funguo zake. Hufungua, kisha hufunga tena. La namba ni bora, maana ufunguo hupotea. Lakini msilitegemee mno. Mwaka 2015 picha za funguo hizo zilisambaa, na zipu hufunguka hata kwa ncha ya kalamu. Kufuli huzuia mkono wa haraka tu.

Kwa hiyo dawa, cheti cha daktari, pasi na fedha vikae katika mkoba wa mkononi. Insulini yaweza kuganda kwa baridi ya chini ya ndege, na ikiganda haifai tena. Mwonyesheni mkaguzi kwamba ni dawa, huruhusiwa. Ile ya sandukuni tuliitupa yote.

Wakati wa kurudi, mwenzetu alifunga sanduku kwa kikufuli kidogo, na dawa akazikumbatia kifuani kama alivyomkumbatia mjukuu.