Sadaka na Sitara

Kila uandamapo mwezi mtukufu wa Ramadhani, misikiti yetu hujaa watu, na pamoja na watu huja michango. Huchangwa tende na futari, hununuliwa mikeka mipya, hulipwa deni la maji ya udhu. Na katika mitaa mingi siku hizi huchangwa pia fedha za kuwasaidia wanafunzi ambao wazazi wao hawajiwezi, ili wapate sare, viatu, madaftari na nauli. Hili la mwisho ni jambo la kheri lisilo na shaka, nami nimelitumikia kwa miaka mingi. Leo nimekusudia kusimulia kosa nililolifanya ndani ya kheri hiyo, ili ndugu zangu Waislamu, na hasa vijana ambao kesho watazishika kamati hizi, wasilirudie.

Kwetu ni Tanga, katika mitaa ya Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa nambari, na ambako kila mtu ajua nyumba ya jirani yake ina nini na imekosa nini. Mwaka 2016 nilikuwa katibu wa kamati ya mchango katika msikiti wa mtaani kwetu. Mwaka huo huo Serikali ya Tanzania ilianza kutoa elimu bila ada mpaka kidato cha nne, na baadhi ya wenzetu wakasema kwamba sasa mchango hauna haja tena. Lakini aliyewatazama watoto asubuhi wakienda shule aliona mengine. Ada ilikuwa imeondolewa. Shati, viatu, daftari, nauli ya daladala, na chakula cha mchana cha mtoto ashindaye shuleni vilibaki juu ya mzazi. Mwenye watoto wanne na kipato cha kubahatisha alikuwa bado yu katika dhiki ile ile.

Basi tulichanga. Kila usiku baada ya sala ya tarawehe kisanduku kilipita safu kwa safu, na upande wa wanawake kikapita kikapu. Mwezi ulipokaribia kwisha tulikuwa na fedha za kuwatosha wanafunzi thelathini na wawili. Tulifurahi mno, na furaha ile ndiyo iliyotuponza. Tulikata shauri kwamba tuvigawe vitu siku ya Idd yenyewe, katika baraza baada ya sala, ili waliochanga waone kwa macho yao mali yao ilikokwenda.

Mimi ndiye niliyesoma majina. Nilimtaja kila mtoto kwa jina lake na la baba yake, na wale waliofiwa nikaongeza kwamba ni mayatima, nikidhani kwamba kwa kufanya hivyo nazilainisha nyoyo za watu. Kila aliyetajwa aliinuka mbele ya wenzake waliovaa kanzu mpya, akaja, akapokea furushi lake, akapigwa picha.

Miongoni mwao alikuwamo kijana mmoja wa kidato cha pili, hodari wa masomo, ambaye katika darasa letu la Qur'ani ndiye aliyekuwa akiwasikiliza wadogo. Nilipomwita hakuja. Nikamwita mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi, nikidhani hakusikia. Akaja ameinamisha kichwa, akapokea, na aliporudi hakuketi mahali pake, bali alipita moja kwa moja mpaka nje.

Siku ya pili yake, wakati wa alasiri, mama yake alinijia nyumbani. Ni mjane, auzaye vitumbua asubuhi na mihogo jioni. Mkononi alikuwa na lile furushi, halijafunguliwa.

"Shikamoo, Maalim," alisema.

"Marahaba, mama. Karibu uketi. Idd mubaraka."

"Ahsante, lakini sikuja kukaa. Nimekuja kuwarudishia amana yenu. Mwanangu amekataa kuvaa, nami siwezi kumlazimisha."

Nilianza kumwambia kwamba kijana ana kiburi, na kwamba kiburi hakimfai mwenye shida. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema kwa upole: "Maalim, kile kikapu kilipita mbele yangu kila usiku, na kila usiku nilitia shilingi mia tano. Sikukosa hata siku moja. Mimi nilikuwa katika waliochanga. Siku ya Idd nikasikia jina la marehemu mume wangu likisomwa katika wanaoomba. Nani aliwaambia kwamba tunaomba?"

Sikuwa na jawabu. Ni kweli kwamba hakuna aliyeomba. Jina la kijana tuliliandika sisi wenyewe kwa kuangalia hali ya nyumba yao, wala hatukumwendea mama yake kumwuliza. Aliliweka furushi juu ya baraza, akaniaga, akaenda zake. Mwanamke yule alikuwa ametoa katika uchache wake kwa muda wa mwezi mzima, nami kwa dakika moja nilikuwa nimemwondoa katika safu ya watoaji mbele ya mtaa wote.

Usiku ule nilifungua msahafu, nikaisoma Sura ya Baqara kama mtu asomaye hukumu yake. Katika aya ya 264 Mwenyezi Mungu anawakataza walioamini wasizibatilishe sadaka zao kwa masimango na maudhi. Mimi sikumsimanga mtu, lakini maudhi je? Katika aya ya 271 anatufundisha kwamba kuzidhihirisha sadaka ni vizuri, na kwamba kuzificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi kwetu. Na katika aya ya 273 anawataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhani kuwa ni matajiri, kwa vile wanavyojizuia, wala hawawang'ang'anii watu kwa kuomba. Nilipofika hapo nilimwona yule mama kana kwamba amesimama mbele yangu.

Na Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, amemhesabu miongoni mwa watu saba watakaopata kivuli cha Mwenyezi Mungu siku ya Kiama yule atoaye sadaka yake kwa siri, hata mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Imepokewa pia katika habari za Ali Zaynul-Abidin, mjukuu wa Sayyidna Ali, kwamba alikuwa akibeba chakula mgongoni usiku na kuwapelekea mafakiri wa Madina, nao hawakumjua ni nani mpaka alipofariki na msaada ule ukakatika. Hebu tufikiri: huyu alijificha yeye mtoaji. Sisi tulijionyesha sisi, kisha tukamwonyesha na mpokeaji.

Nilipowaeleza wenzangu katika kamati, mmoja alinipinga kwa hoja yenye maana. Alisema kwamba mchango wa watu wengi hauwezi kuwa siri. Kwamba watu wasipoona fedha zimekwenda wapi watatushuku, na mwaka ujao kisanduku kitarudi kitupu. Tena kutoa hadharani huwatia wengine hamu ya kutoa. Hoja hii siidharau, kwani amana ya watu yataka hesabu, na aya yenyewe haikuulaumu utoaji wa dhahiri. Lakini linalotakiwa kudhihirishwa ni fedha na matumizi yake. Uso wa mtoto si katika hesabu hizo.

Tangu mwaka uliofuata tulibadili mwendo wetu. Daftari la majina hukaa kwa watu wawili tu, mzee mmoja wa msikiti na mama mmoja mtu mzima anayeaminiwa na wanawake wa mtaa. Na hakuna jina liandikwalo kabla mzazi hajaulizwa faraghani na kuridhia. Mtoto hupelekwa na mzazi wake kwa fundi cherehani kupimwa, na hupewa karatasi ya malipo sawasawa na apewayo mteja mwingine yeyote. Viatu huchaguliwa dukani na mtoto mwenyewe. Siku ya Idd katibu husimama akasoma yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyobaki, na idadi ya wanafunzi waliosaidiwa, na stakabadhi huwa wazi kwa atakaye kuzikagua.

Tulijifunza na mambo mengine mawili. La kwanza, tusizichanganye fedha hizi na zakatul-fitri. Fitri ina mafungu yake na wakati wake: ni pishi moja ya chakula, ambayo wengi huikadiria kuwa ni kilo mbili na nusu, na yapasa imfikie mstahiki kabla ya sala ya Idd, ili siku ile asilale na njaa. Sare ya shule ina sadaka yake mbali. La pili, mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi au kumi na moja, lakini shule hufunguliwa Januari siku zote. Idd iliyokuwa mwezi wa Julai mwaka 2016, mwaka 2025 iliangukia mwisho wa Machi. Kwa hiyo sehemu ya mchango lazima iwekwe akiba mpaka Januari, ambapo mzigo wa mzazi ni mzito kuliko wakati wote.

Wala tusidhani kwamba michango ya elimu ni jambo lililoanza na sisi. Katika zama za wazee wetu, jumuiya ya East African Muslim Welfare Society ilijenga shule na misikiti katika Afrika ya Mashariki, na Aga Khan, Sultan Muhammad Shah, aliahidi kwamba kwa kila kiasi watakachochanga wenyeji, naye atatoa kiasi kama hicho. Na chuo cha ufundi cha Waislamu kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza Mombasa mwaka 1951, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilipata mali yake kwa Sultani wa Unguja, kwa Aga Khan, na kwa jamaa wa Kibohora. Nayapenda mambo mawili katika habari hizi. Majina ya waliotoa ndiyo yaliyobaki katika tarehe. Na yule mwenyeji mwenye kidogo alitakiwa atie chake kwanza, akahesabiwa kuwa mshirika. Shilingi mia tano za yule mama zilistahili kuhesabiwa hivyo hivyo.

Yeye mwenyewe alinisamehe. Nilikwenda kwake pamoja na mke wangu kumwomba radhi, akatukaribisha kwa vitumbua, na hata leo hutia chake katika kikapu. Ama mwanawe, alimaliza kidato cha nne kwa jasho la mama yake, akiwa na shati lililotiwa viraka mgongoni. Sasa ni mtu mzima, mwenye kazi yake. Nikikutana naye njiani huniamkia kwa adabu. Lakini tangu Idd ile hakurudi kuwasikiliza wadogo katika darasa letu, na sala ya Ijumaa huenda kuisali katika msikiti mwingine.

Ndugu msomaji, Ramadhani itakapofika, nawe ukiwa na chochote, kitie katika kisanduku kwa ajili ya wanafunzi, kwani haja ipo. Na ukiwa umepewa amana ya kugawa, kabla hujafungua kinywa kusoma jina, mkumbuke mtoto aliye katika safu ya nyuma ambaye ameanza kuinamisha kichwa.

Mwenyezi Mungu azipokee sadaka zetu, awasitiri watoto wetu, na atusitiri sisi siku ambayo hakuna sitara ila yake. Amin.