Mtoto Asome Pale Alipo

Familia ikihamia nchi nyingine kikazi, swali la kwanza inaloulizwa na ndugu ni hili: watoto watasoma wapi? Nyumba hupatikana, vyombo hununuliwa, kibali cha ukaazi hufuatiliwa mpaka kikatoka. Shule ndiyo inayowakosesha wazazi usingizi. Kila mzazi anataka kumpa mwanawe kilicho bora, na ugenini ni rahisi kuamini kwamba kilicho bora ndicho kilicho ghali. Sisi tumelea watoto Dodoma tukiwa wageni kutoka Mombasa, na leo naamini kwa dhati kwamba sehemu kubwa ya gharama hiyo si ya elimu. Ni gharama ya kumtenga mtoto na mahali anapoishi.

Tulikuja huku baba watoto alipopata kazi ya mkataba, mshahara ukiwa wa shilingi za Tanzania na bila posho ya ada. Ndugu walitushauri njia mbili. Ya kwanza, tuwaache watoto bweni Kenya, tuwe tunawaona likizo. Ya pili, tuwatafutie shule ya kimataifa. Zipo Dar es Salaam na Arusha, na katika zile za juu kabisa ada ya mwanafunzi mmoja wa sekondari hupita dola 20,000 kwa mwaka. Tulipiga hesabu tukaona ya kwanza inatunyang'anya watoto, na ya pili inatunyang'anya kila kitu kingine.

Tukashika ya tatu: shule ya kutwa ya mtaani, inayofundisha kwa Kiingereza kwa mtaala wa Tanzania, ada yake ikilipwa kwa awamu. Kabla ya kuwaandikisha tuliuliza mambo matatu. Walimu wanadumu, au kila muhula ni sura mpya? Madaftari yanasahihishwa? Mtoto anaweza kurudi nyumbani kwa miguu? Mwalimu mkuu hakujibu kwa maneno mengi. Alituletea rundo la madaftari ya darasa moja tukayapekua. Kila ukurasa ulikuwa na wino mwekundu, na chini ya kila jibu lililokosewa mwanafunzi amefanya masahihisho, mwalimu akapita tena na kuweka vema. Hapo tukajua tumefika.

Mkoa huu wa Dodoma una historia inayolifunza jambo hili la kumtenga mtoto vizuri kuliko niwezavyo mimi. Huko Kongwa, mashariki ya mji, Waingereza walianza mwaka 1947 mradi mkubwa wa karanga. Udongo ulipokauka haukulimika, mvua zikawa haba, mitambo ikaharibika, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Kongwa palikuwa pia na shule ya bweni ya watoto wa Kizungu. Enzi hizo elimu ya Tanganyika iligawanywa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Watoto wale walisoma katikati ya Ugogo, nchi ya Wagogo, na mtoto wa Kigogo hakuwa na nafasi humo. Mwaka 1958 shule ikafungwa, wanafunzi wakahamishiwa shule mpya ya St Michael's and St George's huko Iringa, ambayo majengo yake leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Siwadharau walimu wale, huenda walikuwa hodari sana. Ninachokiona ni elimu iliyohitaji fedha nyingi ili kuwaweka watoto mbali na wenyeji wao, na utawala ulioilipia ulipoondoka, ubaguzi ule nao ukaondoka.

Shuka na barabara kuu hadi Morogoro, utakuta habari nyingine. Mwaka 1977 Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu. Mwaka uliofuata masomo yakaanza, na baadaye shule ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na utawala wa makaburu mwaka 1979. Wengi wa wanafunzi wa mwanzo walikuwa vijana waliokimbia kwao baada ya maasi ya Soweto ya 1976. Nchi rafiki, zile za Skandinavia zikiwa mbele, zilichangia fedha. Wenyewe nao walilima, walifuga, walijenga na kutengeneza samani, na watoto wadogo wakawekewa kituo chao cha malezi. Mwaka 1992, njia ya kurudi kwao ilipofunguka, waliikabidhi Tanzania Mazimbu, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ni nani ugenini aliyekuwa na kidogo kuliko wale? Hata hivyo watoto walisoma, kwa sababu wakubwa wao walipafanya Mazimbu kwao huku wakijiandaa kurudi.

Kujiandaa kurudi ndiko kwenye kazi. Zamani Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na Baraza moja la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 baraza lake lenyewe la mitihani, NECTA, likaundwa kwa sheria. Kenya ikaingia mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, kisha ikaanza kuujaribu mtaala wa umilisi mwaka 2017. Tanzania imekwenda miaka mingi na msingi wa madarasa saba, na mtaala mpya ulioanza kuingia madarasani Januari 2024 unaelekea kwenye msingi wa miaka sita. Kwa hiyo mtoto anayevuka mpaka pale Horohoro anavuka pia kutoka ngazi moja kwenda nyingine, na vidato havilingani.

Jambo hilo halitibiwi kwa ada kubwa. Linatibiwa kwa utaratibu. Sisi tumejiwekea sharti kwamba mtoto hahamishwi akiwa mwaka wa mtihani wa taifa. Ripoti za kila muhula, barua za uhamisho na vyeti vya kuzaliwa vinakaa kwenye bahasha moja, na nakala zake kwenye simu. Habari za ulinganifu wa vyeti tunaziulizia mapema, kabla hazijawa dharura. Vitabu vya kiada vinasomeka bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na vile vya Kenya nyanya yao hutuma kwa basi, kisha Ijumaa jioni huwapigia simu awasikilize wakisoma.

Kisha yapo masomo yasiyo na ada kabisa. Likizo moja tuliwapeleka Kibaigwa, kwenye soko kubwa la mahindi kando ya barabara kuu. Binti yetu alisimama karibu na mzani akitazama magunia yakipandishwa. Mzee mmoja mfanyabiashara akamweleza habari za lumbesa: gunia hujazwa pomoni, likaongezewa kichwa juu na kushonwa kwa kamba, na mkulima akalipwa bei ya gunia moja.

“Mjukuu wangu,” akamuuliza, “gunia la kilo 100 likitiwa kilo 130, mkulima kapoteza ngapi kwenye magunia kumi?”

Binti akaandika kiganjani kwa kalamu. “Kilo 300, babu.” Akatazama kiganja chake, kisha akauliza, “Sasa hapo ada ya watoto wake inatoka wapi?”

Hesabu ile alikuwa ameshaifanya darasani mara nyingi. Pale sokoni aliijua inamuuma nani. Safari nyingine ilikuwa Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na huko walikutana na historia ya watu waliowinda na kufuga katika nchi hii kabla hakujawa na mpaka wa kuvuka.

Na wapo majirani. Mama wa Kigogo tunayepakana naye ndiye huwapokea watoto tunapochelewa kazini. Wanamwamkia shikamoo, wanakula naye ugali wa uwele na mlenda, na kazi za shule huzifanyia barazani kwake. Hajawahi kupokea senti yetu kwa hilo. Tukipika sahani yake ipo, akiugua tunampeleka hospitali. Mzazi anayeishi kwa kujitenga hulazimika kununua hata malezi ambayo jirani angempa kwa moyo.

Mzazi mwenzangu unayefunga mizigo, kubana matumizi si kumnyima mtoto, ilimradi ujue pa kubana. Usibane chakula chake, vitabu vyake, wala saa zako za kukaa naye jioni. Bana jina kubwa la shule na haja ya kufanana na wageni wenzako. Kinachobaki kiweke akiba ya sekondari ya juu na chuo, maana huko ndiko fedha zitakakohitajika kweli. Ukifika, tembea mtaani kwako, ingia shule iliyo karibu, na uombe kuyaona madaftari.