Barua kutoka Isansa

Mjomba,

Nimefika Isansa salama. Julai ya huku Mbozi ni baridi ya kuvaa koti hadi mchana, na kahawa imeiva. Asubuhi watu wanachuma, jioni wanapeleka kahawa mbivu mtamboni. Lazima zimenywe siku ile ile, kisha zichachushwe, zioshwe, zianikwe kwenye vichanja. Kinamama hushinda hapo wakichambua punje mbovu, moja moja. Nilikaa nao hadi jua likazama. Kazi hii haina njia ya mkato, na ubora wa arabika ya Mbozi unatoka mikononi mwao.

Lakini bei hupangwa mbali. Kwa miaka mingi kahawa ya huku ilipigwa mnada Moshi, upande wa pili wa nchi, na Moshi nako husikiliza soko la New York. Ushirika wa wakulima ulivunjwa mwaka 1976, mwaka ule ule reli yenu ya TAZARA ilipokabidhiwa. Ukarudishwa kwa sheria ya 1982, na miaka ya tisini wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Kila zama mkulima ameuliza jambo moja: malipo ya pili, yale ya baada ya kahawa kuuzwa, lini?

Reli ile naiheshimu, Mjomba. Serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia, iliyokuwa ikipitishia shaba yake huko, ilihitaji njia nyingine, nasi tukaitoa: kilomita 1,860, Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Leo pale Tunduma, mpakani na Zambia, foleni ya malori ni ndefu kweli kweli, ingawa kituo cha pamoja na Nakonde ya upande wa pili kilizinduliwa 2019. Shaba inateremka bandarini, mafuta yanapanda kwenda Zambia.

Lakini Juni 2017 mahindi yalipozuiwa kuvuka mpaka, labda yawe unga, malori ya shaba yaliendelea kupita. Aliyefungiwa njia ni mkulima wa hapa, mwenye magunia ndani na ada za watoto zikimngoja. Hilo halikuwa haki. Nchi iliyojitwika mzigo wa kumfungulia jirani njia haiwezi kumfungia mwanawe.

Nikirudi kwenye kahawa, sehemu kubwa ya kahawa yetu bado inauzwa nje ikiwa haijakaangwa, na faida nono inabaki ng'ambo. Nakuletea kilo moja iliyokaangwa na kusagwa huku huku. Ukiipenda, wewe na wastaafu wenzako wa reli agizeni kwa wakulima wenyewe, mlipe bei yao bila kupunguza.