Albamu Nne za Roki Zilizonikuna Roho Mwaka Huu

Wahenga walinena kuwa kila ndege huruka na ubawa wake. Hapa Mikindani ukipanda matatu kwenda mjini, utasikia rege, Bongo Fleva na gengetone mpaka masikio yazibe, na hakuna anayeuliza. Lakini taja roki nzito uone! Utaambiwa ati ni muziki wa shetani. Woga huu si wa leo. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, na wakubwa wetu wangali wanaikumbuka minong'ono ya enzi hizo. Basi nimezipanga albamu nne nilizozisikiliza zaidi mwaka huu, muamue wenyewe huyo shetani yuko wapi.

Ya nne ni Images and Words (1992) ya Dream Theater kutoka Marekani. Hii ndiyo metali ya progresivu, yaani nyimbo ndefu zenye kugeukageuka. Mmoja wao unapita dakika 9, na ukijaribu kuupigia makofi utapotea njiani, manake mapigo hubadilika kila mara. Ufundi upo tele, ila moyo haukuguswa sana. Ndiyo sababu imeshika mkia.

Ya tatu ni A Night at the Opera (1975) ya Queen. Mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Kwa hivyo anayesema roki haina lake pwani hii, mwambieni asome historia. Wimbo wao Bohemian Rhapsody huanza kwa sauti tupu, huja kinanda, kisha kwaya, halafu magitaa yanalipuka, yote hayo kwa dakika 6 hivi.

Ya pili ni Music in Exile (2015) ya Songhoy Blues wa Mali. Mwaka 2012 makundi yenye silaha yaliteka kaskazini mwa nchi yao na kupiga muziki marufuku. Vijana hawa wakaunda bendi yao Bamako. Hebu fikirini, kama gitaa lingekuwa kitu cha mchezo tu, nani angejisumbua kulikataza?

Ya kwanza ni The Adept (2024) ya Mkenya mwenzetu, Lord Spikeheart, aliyekuwa mwimbaji wa Duma, kundi la watu wawili kutoka Nairobi. Huyu haimbi, anapiga mayowe. Mama alipoisikia aliuliza ni nani anayechinjwa! Lakini Spikeheart ni kitukuu wa Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepigana msituni na Mau Mau hadi akapata cheo cha Fildi Mashali. Nywele alizozifuga tangu vita vile zilinyolewa mwaka 2022, naye akafariki mwaka 2023. Albamu hii inamuenzi yeye. Nilipomweleza Mama kisa hicho, hakuniambia nizime. Aliniambia nipunguze sauti tu.

Nafasi ya kwanza sikuipa kwa sababu ya kelele. Nimeipa kwa kuwa kelele zile zina mwenyewe na zina sababu, tena ni za kwetu. Mcheza kwao hutunzwa.

Nanyi wa taarab na gengetone, leteni orodha zenu katika toleo lijalo, lakini mje na sababu. Kalamu naiweka chini.