Chupa ya freoni iliyobaki garajini



Wengi wetu tumebaki na vitu vya mume ambavyo hatujui kazi yake: vipande vya mashine, betri, mafuta ndani ya bidoni, chupa za gazi. Siku ya kugawa mali, vitanda na vyungu vinahesabiwa kimoja kimoja. Vitu vya garaji vinaitwa tu "vyuma" na vinauzwa haraka. Leo naandika juu ya kitu kimoja cha namna hiyo, kwa sababu kinaweza kusaidia nyumba, na kinaweza pia kuleta msiba.

Baba watoto wangu alikuwa fundi wa frigo na wa viyoyozi vya magari, vile tunavyoviita klima, hapa Kasuku. Alipofariki aliacha chupa moja nyeupe ya freoni, imeandikwa R-12 pembeni. Shemeji yangu akaleta kijana wa kuinunua. Kijana alitaka kuichukua siku ile ile bila kuipima, na akasema wazi kwamba ataipaka rangi ya bluu "ili iende mbio". Nilikuwa na minervali ya watoto wawili wa sekondari, na feza ile ingemlipia mmoja. Lakini wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nikaomba wiki moja.

Wiki ile nilizunguka kwa mafundi wazee waliofanya kazi naye, Mikelenge na ng'ambo ya mto, Alunguli. Haya ndiyo niliyojifunza.

R-12 ni freoni ya zamani. Jeep zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 nyingi zilitumia hiyo. Magari yaliyofuata yalitumia R-134a, na chupa zake kwa kawaida zina rangi ya bluu ya mbingu. Ndiyo maana kijana alitaka rangi ile: amuuzie mtu freoni ya zamani kwa jina la mpya. Hizo mbili hazichanganywi. Kila moja inataka mafuta yake ndani ya kompresere. Mafuta yasiyolingana na gazi hayazunguki vizuri, na kompresere inakauka na kukwama. Fundi hawezi kutegemea saa ya presha peke yake, kwa kuwa kwenye joto la kawaida presha za R-12 na R-134a zinakaribiana sana.

Udanganyifu wa namna hii umekwisha kuua. Mwaka 2011, gazi bandia iliyouzwa kwa jina la R-134a iliingia katika makontena ya baridi ya meli. Ilishambulia aluminiamu iliyokuwa ndani ya mashine, mashine zikalipuka, na wafanyakazi watatu wakafa, huko Vietnam na Brazil. Niliposikia habari hiyo nilijua kwamba chupa yetu haitatoka nyumbani na jina la uongo.

Kwa nini basi R-12 iliachwa, ikiwa ilikuwa inafanya kazi vizuri? Mwaka 1974 wataalamu wawili, Molina na Rowland, walionyesha kwamba gazi za jamii hii zikipanda juu zinaharibu ozoni, lile tabaka linalotukinga na ukali wa jua. Mwaka 1987 ukaandikwa Mkataba wa Montreal, ambao leo nchi zote za dunia zimeukubali. Nchi tajiri ziliacha kutengeneza gazi hizo mwaka 1996, na nchi kama yetu zilipewa mwisho wa mwaka 2010. Tundu kubwa la ozoni liko kusini kabisa ya dunia, haliko juu ya Kindu. Lakini R-12 ikitoka leo garajini inakaa hewani karibu miaka 100, na kilo moja inapasha dunia joto kupita kilo 10,000 za ile hewa ya moshi wa kuni na magari. R-134a haigusi ozoni, lakini nayo inapasha dunia joto, na kwa hiyo mapatano ya Kigali ya mwaka 2016 yanataka ipunguzwe polepole. Magari mapya mengi yanatumia R-1234yf, isiyopasha sana joto, lakini inaweza kushika moto kidogo na inataka vyombo vyake.

Mwenye gari la zamani ana njia mbili nzuri. Ya kwanza ni kuziba kwanza pale panapovuja, kisha kurudisha R-12 ile ile. Ya pili ni kubadilisha gari liende na R-134a: gazi ya zamani inavutwa ndani ya chupa, haiachwi hewani, mafuta yanabadilishwa, chujio la kukausha maji linawekwa jipya, mipira ya viungo pia, na midomo ya kujazia inabadilishwa ili mtu mwingine asikosee. Njia mbaya ni kutia gazi ya kupikia. Inaleta baridi, ni kweli. Lakini bomba likipasuka inaingia mahali watoto wanapokaa, na cheche moja inatosha. Asiye na feza ya njia hizo mbili afungue madirisha. Dirisha halivuji.

Baada ya wiki nilipeleka chupa kwenye mizani ya muuza mchele. Mzee mmoja wa Alunguli alikuwa na chupa tupu ya aina ile ile, tukapima zote mbili. Tofauti ilikuwa kilo nne na kidogo. Chupa mpya za aina hiyo zilibeba kilo 13.6. Nilikwenda ofisi ya mazingira kuuliza kabla ya kuuza, na shemeji nilimchukua twende pamoja, ili kesho asiseme nimeuza mali ya ndugu yake kwa siri. Ndipo nikamuuzia fundi anayetunza jeep ya zamani yenye klima yake ya kwanza. Tuliandika karatasi: jina la gazi, kilo, bei, na kwamba hataitumia kusafishia mabomba wala kupulizia vumbi, kama wengine wanavyofanya.

Feza haikufika bei ya yule kijana. Minervali ya mtoto wa kwanza nililipa nusu, na nusu nyingine nikangojea zamu yangu ya likelemba. Shemeji alinung'unika siku mbili tatu. Lakini ile karatasi iko ndani ya sanduku langu, na anajua iko.

Mama mwenye chupa kama hiyo nyumbani, usiifungue ili kuonja kama ina kitu. Freoni ikitoka inashuka mpaka baridi ya digrii 30 chini ya sifuri na kuunguza ngozi. Ndani ya chumba kilichofungwa inachukua nafasi ya hewa, na ikikutana na moto inatoa moshi wa sumu. Iweke mbali na mbabula, na jua, na watoto. Andika jina lake lililo pembeni. Ikiwa haina jina, usimwachie mtu yeyote ailipe jina, bali mtafute fundi mwenye chombo cha kutambua gazi. Ipime, uliza ofisi ya mazingira, na umuuzie mtu anayeweza kukuonyesha mashine itakamoingia.

Wenu katika chama,
mama mmoja wa Kasuku