Ugali una ndugu Mexico

Msomaji, mwanao akipata nafasi ya kusoma Mexico, usimfungashie unga. Nilisomea Puebla, na kwa vijisenti vya mwanafunzi, soko ndilo lililonilisha na kunitoa upweke. Huko mahindi huchemshwa kwa chokaa ili maganda yatoke, yakalazwa usiku kucha, yakaoshwa na kusagwa. Kinyunya chake huokwa kikaangoni kikawa tortilla, mkate mwembamba kama chapati. Huumega kwa mkono, ukachovya maharagwe na pilipili. Mahindi ya kuchoma nayo hupakwa ndimu na pilipili, kama tu kando ya barabara za Nairobi! Si ajabu, kwani asili ya mahindi ni huko huko. Ukiwa ugenini, keti na wenyeji umege nao. Ugeni hauishi chumbani.